Ndizi Isiyo na Jina

Chumba cha redio ya upepo kilikuwa ubavuni mwa kiwanda, na dirisha lake dogo lenye nondo lilitazama benchi. Benchi lile halikuwa la mtu. Walilikalia wakulima waliosubiri kahawa yao ipimwe, wanawake waliotoka kuchota maji, na wazee ambao hawakuwa wakisubiri chochote. Walikaa wakitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, kama tunavyoitafuna sisi watu wa Karagwe, huku wakisikiliza sauti kutoka mjini zikipasuka ndani ya lile sanduku la chuma kama bisi kwenye chungu.

Aliyeshika redio alikuwa mama yangu mdogo. Wazazi wake walivuka mto kutoka Rwanda wakiwa na jembe na Biblia, wakapewa kipande cha ardhi Ihembe, na yeye akazaliwa hapo, katikati ya migomba ya watu wengine. Alianza kazi kiwandani baada ya kufiwa na mumewe, akiwa kibarua wa kuchambua kahawa. Siku moja mwenye redio aliugua, yeye akaombwa aishike hadi jioni, na jioni ile haikufika tena. Alibaki na redio, alibaki pia na jina la kibarua. Kila msimu ulipokwisha meneja alimwambia, "Mwakani, mama. Mwakani utathibitishwa."

Aliishi kwenye nyumba ya kiwanda kwa hisani ya meneja. Nyuma ya nyumba ile, kwenye udongo uliokuwa na makopo na mawe tu, alikuwa amepanda kibanja chake, mgomba kwa mgomba, akabeba samadi kichwani hadi migomba ikawa mirefu kuliko paa. Akithibitishwa, nyumba ingekuwa yake mpaka astaafu. Asipothibitishwa, siku yoyote angekuja mtu kutoka mjini na barua mkononi, angefungua mlango, na ndizi zile zingeliwa na watu ambao hawakuujua uzito wa ile samadi. Mimi nilikuwa karani wa mizani hapo kiwandani na niliishi naye. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, na kichwani nilikuwa nikiandika riwaya ambazo mikono yangu haikuziweza bado. Jioni nilimwona akizunguka kibanja chake akiigusa migomba, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kulala.

Ndipo ulipokuja waraka.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita na Uganda, na watu wa ofisini walikuwa bado wanaogopa mipaka. Tena kahawa ilikuwa ikivuka kwenda Uganda kwa baiskeli kupitia njia za Nkwenda, na makao makuu yalikuwa yameamini kwamba wafanya magendo wanasikiliza redio zetu ili wajue lori linaondoka lini. Waraka uliitwa Kanuni za Usalama wa Mawasiliano katika Viwanda Nyeti. Tulisoma neno "nyeti" tukatazamana, kwa maana hatukuwahi kujiona hivyo. Kanuni zilikataza kutaja majina ya watu redioni. Zilikataza kutaja majina ya mahali. Zilikataza salamu, kwa sababu, waraka ulieleza, shikamoo humfichulia adui ni nani mkubwa na nani mdogo. Zilidai pia liwepo neno la siri, libadilishwe kila Jumatatu asubuhi, na mtu yeyote, awe nani, asiingie chumba cha redio mpaka alitamke dirishani kwa sauti ya chini. Aliyepewa neno kwa maandishi alichome karatasi.

Neno lilitakiwa liwe jepesi kwa wafanyakazi na geni kwa adui. Kazi ya kulichagua ilimwangukia mzee aliyeshika redio ya mjini, Mhaya mwenye sauti ya kukwaruza, naye aliamua kutumia majina ya ndizi. Adui aliyeishi nyuma ya kilima chetu, akila ndizi zile zile kutoka migomba ile ile, bila shaka angechanganyikiwa.

Kila Jumatatu mzee alipaza sauti ili ishinde mikwaruzo. Mama mdogo naye alipaza yake.

"Rudia. Sijapata."

Mzee alirudia. Mikwaruzo ikalimeza.

"Rudia tena, baba... samahani. Rudia tena, kituo."

Hapo benchi lilimhurumia. "Amesema enyamaizi, mama," mmoja aliita kutoka nje. "Enyamaizi," waliitikia wengine. "Hata mimi nimesikia hivyo." Mama mdogo aliwashukuru, akafunga dirisha kwa ajili ya usalama.

Msimu ule tukaambiwa kwamba mkaguzi wa usalama anakuja, na kwamba vibarua walioshika nafasi nyeti watathibitishwa, au kuachishwa, kufuatana na ripoti yake. Mama mdogo alipiga deki chumba cha redio mpaka sakafu ikabadilika rangi. Alishona pazia. Alikariri kanuni kama katekisimu.

Mkaguzi alifika Jumanne, na vumbi la safari limemkaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa nyanda za juu za kusini, mnene kidogo, mpole, mwenye mkoba uliofungwa kwa kufuli. Meneja alikuwa mjini mkutanoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyempokea. Alinisalimu, akaenda moja kwa moja dirishani, akainama, akanong'ona neno.

Nilimwona mama mdogo akiganda. Lilikuwa neno la wiki iliyopita.

"Ndugu," alisema, "hilo limekwisha."

"Limekwisha lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi nilikuwa Kyaka. Basi lilivunjika springi."

"Pole sana, ndugu. Lakini limekwisha."

Mkaguzi alitabasamu taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu zuri na mwanafunzi asiyemtegemea. "Safi sana, mama. Unaona? Ningekuwa adui, sasa hivi ningekuwa nje."

"Uko nje, ndugu."

"Ndiyo. Ndiyo maana yake."

Alisimama akifurahia. Kisha nikaona furaha ikimtoka usoni. Alinigeukia mimi, maana mama mdogo alikuwa ameshashusha pazia.

"Akinifungulia," alisema, "amevunja kanuni ya tano, nami itanibidi niandike hivyo."

"Ndiyo, ndugu."

"Asiponifungulia, sitakagua. Nisipokagua, sina cha kuandika. Na nisipoandika..."

"Hathibitishwi."

"Hathibitishwi," alikubali, kwa huzuni ya kweli. "Hizi kanuni nimeziandika mimi. Najua hazina mlango wa uani."

"Si mjini wampe ruhusa akwambie?"

"Neno hapewi asiye nalo. Huo ndio msingi wa kila kitu."

Pale benchini alikuwepo bibi mmoja wa Kanoni aliyeleta magunia ya mwanawe. Alikuwa ameyasikiliza yote haya kwa subira, na sasa aliona tumeshindwa na jambo dogo. "Lakini baba," alimwambia mkaguzi, "si ni ile..." Jirani yake alimtia punje ya kahawa mdomoni, na mkono ukabaki pale pale juu ya midomo.

Mkaguzi aliligeukia benchi. "Hawa ni akina nani?"

"Wanasubiri mizani," nilisema.

"Wanasikia yanayosemwa ndani?"

"Wana masikio mazito."

Aliwakaribia. "Hamjambo wazee wangu?"

Benchi zima lilimtazama. Mzee wa mwisho kabisa, ambaye usikivu wake uliwahi kuleta ugomvi katika nyumba tatu tofauti, alikinga kiganja sikioni. "Eeh?" alisema. "Unasemaje?"

Jioni ile habari zilienda kibanja kwa kibanja. Mkaguzi akigundua kwamba neno linajulikana, mama mdogo amekwisha. Kwa hiyo lisitajwe mbele yake hata kwa bahati mbaya. Lingekuwa jambo rahisi, ila neno la wiki ile lilikuwa jina la ndizi tunayoipika kila siku ya Mungu, ile inayoliwa harusini na msibani, ile ambayo mwanamke akiulizwa atapika nini huitaja bila kufikiri. Msomaji utaniwia radhi nisipoiandika hapa. Nimejaribu, kalamu inakataa.

Mgeni alipewa chumba kwa mwinjilisti wa usharika wetu, na mimi nikawa naenda kula huko ili nimtafsirie Kinyambo, lugha yetu. Siku ya kwanza mke wa mwinjilisti alileta sinia la ndizi zilizopikwa na maharage, zikitoa mvuke, za manjano kama kiini cha yai. Mkaguzi alikula. Aliongezewa, akala tena. Akafumba macho.

"Mama," alisema, "kwetu tunakula ugali. Sijawahi kuonja kitu kama hiki. Hii ndizi inaitwaje?"

Mke wa mwinjilisti aliweka mwiko chini. Mwinjilisti alimtazama mkewe. Mimi niliyatazama maharage.

"Inaitwa chakula," alisema mwinjilisti.

"Chakula najua. Nauliza aina yake."

"Aina yake ni ya kupika."

"Zipo nyingi za kupika, nadhani."

"Hii ni mojawapo," alisema mwinjilisti, ambaye hakuwahi kusema uongo maishani mwake na alikuwa ameanza kutokwa jasho.

Ikawa hivyo wiki nzima. Asubuhi mkaguzi alikwenda dirishani, mama mdogo akamwambia pole, naye akamsifu kwa uimara wake. Mchana alikula ndizi isiyo na jina. Sokoni wanawake walioiuza walianza kuinyooshea kidole. "Nipe ile." "Ipi?" "Si ile." Watu waliokuwa hawajasemeshana tangu kesi ya mpaka wa shamba walisimama njiani kuonyana. Mwanamume mmoja aliyelewa rubisi aliitaja kwa sauti akiwa nyumbani kwake, na mkewe akatoka nje kuangalia kama mkaguzi yuko karibu. Siri ambayo hakuna aliyetuomba tuitunze ilikuwa imetupa cheo. Nadhani hatukuwahi kuwa kijiji kimoja kama wiki ile.

Ila watu wa pembezoni walikuwa hawajaambiwa. Wengine walishuka Jumapili tu, kwa ajili ya ibada, na mwinjilisti alihofia mmoja wao atamwambia mgeni jina lile kwa ukarimu. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo mpaka leo sina uhakika kama lilikuwa la busara.

Mkaguzi alikuwa Mlutheri mwenzetu. Alikaa benchi la mbele la wageni, mimi kando yake. Baada ya mahubiri ya Kiswahili mwinjilisti alifika kwenye matangazo, akageuza lugha, akaanza kusema Kinyambo.

"Anasemaje?" mkaguzi alininong'oneza.

"Matangazo ya kijiji."

Mwinjilisti alieleza kwamba kuna neno lisilopaswa kutajwa mbele ya mgeni huyu mpendwa. Na ili asikosee mtu yeyote kwa kutojua, neno lenyewe ni hili. Akalitaja. Wale wa nyuma, karibu na mlango, walilalamika kwamba hawakusikia. Akalitaja tena, polepole, akiligawa vipande. Na kwa kuwa ni desturi yetu kurudia tangazo ili mtangazaji ajue limefika, usharika wote uliitikia kwa pamoja, akina baba upande wa kulia na akina mama upande wa kushoto, mpaka mabati yakatetemeka.

"Wameitikia vizuri," alisema mkaguzi. "Ni jambo gani?"

"Wamekubali."

"Wamekubali nini?"

"Tangazo."

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Neno lilikuwa limempita kama mvua inavyopita juu ya jani la mgomba, bila kulowesha kitu. Mimi shati lilikuwa limenigandia mgongoni.

Mchana alitaka kutembea. Alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri na lori la kahawa, kabla ya saa ya redio, na hakuwa ameandika hata mstari. Tulipita nyuma ya nyumba yetu, kwenye kibanja cha mama mdogo. Kulikuwa na ubaridi chini ya migomba, mwanga ulikuwa wa kijani, na majani makavu yalisema kitu kila tulipoyakanyaga.

"Hii inaitwaje?" aliuliza, akigusa mgomba wa kwanza.

"Enyamaizi." Hilo lilikuwa limekwisha muda wake, ndilo alilonong'ona dirishani Jumanne.

"Na hii?"

"Hii ni gonja. Ya kuchoma."

"Na hii?"

"Hii ni ya pombe."

Alihamia mgomba uliofuata. Ulikuwa mnene, umebeba mkungu uliouinamisha hadi mama mdogo akaupa nguzo. "Na hii?"

Nilikohoa. "Hii bado."

"Bado nini?"

"Haijapewa jina."

Alisimama mbele ya mgomba ule kama mtu aliyesimama mbele ya mlango wa ofisi iliyofungwa. Aliutazama kuanzia shinani hadi kwenye mkungu. "Haijapewa jina," alisema. "Na kila kibanja nilichopita wiki hii inaota."

"Inaota sana, ndugu."

"Nyingine zote zina majina."

"Nyingine ndiyo."

Hakuuliza tena. Tulirudi, na njiani alikuwa akitabasamu na kuacha kutabasamu, zamu kwa zamu. Kwa mwinjilisti aliomba kitu kimoja jikoni, akapewa, akakitia mkobani na kufunga kufuli.

Tulimkuta mama mdogo kazini, kwa sababu wakati wa msimu redio haikuwa na Jumapili. Benchi lilikuwa limejaa, na lilipomwona mkaguzi likawa kiziwi. Alifungua mkoba. Akatoa ndizi moja mbichi, akaipitisha kati ya nondo, akailaza juu ya ukingo wa dirisha.

"Mama," alisema, "nimekuja na neno."

Mama mdogo aliitazama. Aliitambua kabla haijatulia pale.

"Ndugu, hii ni ndizi."

"Ndiyo."

"Kanuni inasema neno litamkwe."

"Kwa sauti ya chini," alisema mkaguzi. "Unaijua sauti ya chini kuliko hiyo?"

Hakuna aliyetafuna benchini. Kupitia uwazi wa pazia niliuona mkono wa mama mdogo ukienda kwenye komeo la mlango. Ulikaa pale. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu nami nilifikiria hicho hicho: nyumba, na migomba iliyopita paa. Mtu huyu alikuwa mwema na alikuwa na kalamu. Sentimita chache za chuma, na mwakani ingekuwa imefika. Au labda huu ndio ulikuwa mtihani wenyewe, na wiki nzima ilikuwa ikielekea kwenye ndizi hii.

Mkono ulirudi.

"Ndugu," alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi ndani, "nikikufungulia kwa ndizi, wilaya nzima itaingia."

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa akiitafuta ndani ya kanuni zake kanuni ya kumpinga, na hakuipata.

"Ila mgeni hawezi kuondoka na ndizi mbichi," alisema mama mdogo. Aliichukua, akaimenya, akaiweka juu ya jiko la mkaa alilokuwa nalo mle ndani, kinyume kabisa cha kanuni ya tisa iliyokataza moto, kosa ambalo mkaguzi, akiwa nje, hakuwa na namna ya kuliona. Moshi ulitoka dirishani. Mkaguzi aliunusa, akageuza uso upande wa kilima.

"Naona kuna ukungu leo," alisema.

"Upo, ndugu," nilisema.

Ndizi ilipoiva, ilitoka kati ya nondo ikiwa juu ya kipande cha jani, pamoja na punje za kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni wa heshima. Aliila amesimama. Halafu akatoa karatasi na kuanza kukagua kwa masikio.

"Redio ipo?"

"Ipo."

"Naisikia. Pazia lipo, nimeliona. Kufuli?"

Mama mdogo alilitikisa likalia.

"Nani mwingine amewahi kuingia humu tangu waraka ufike?"

"Hakuna. Hata meneja hukaa nje, husahau neno."

Benchi lilicheka, kisha likakumbuka kwamba halisikii.

Aliondoka alfajiri, amekaa mbele ya lori na mkoba mapajani. Saa ya redio ilipofika mzee wa mjini alitangaza neno jipya, benchi likasaidia, na ndizi ya watu ikawa huru. Lakini siku ile hakuna aliyeitaja. Wanawake sokoni waliendelea kusema "ile", na ninavyojua wapo wanaosema hivyo hadi leo.

Tulingoja. Mvua za vuli zilikuja zikaisha. Mama mdogo aliacha kupanda machipukizi mapya. Alisema hataki kumpandia mtu. Asubuhi moja, nikiwa naandika uzito wa magunia, nikasikia redio ikiita. Mzee wa mjini alitoa neno, mama mdogo akalipokea, kisha sauti ya mzee ikashuka, kama ya mtu anayevua kofia.

"Hujambo, mwanangu?" alisema.

Kanuni ilikuwa imevunjika, waziwazi, kwenye mawimbi ya hewa.

"Shikamoo, baba," alijibu mama mdogo kwa hofu.

"Marahaba. Nina barua mbili. Ya kwanza ni waraka wa nyongeza. Kuanzia sasa ni marufuku kuwasilisha neno la siri kwa njia ya tunda, mboga, au kitu chochote kinacholiwa. Umeipata?"

"Nimeipata."

"Ya pili ni ripoti. Inasema, chumba cha redio hakikuweza kukaguliwa, kwa sababu mkaguzi alishindwa kuingia. Inasema, mhusika athibitishwe kazini. Umeipata?"

"Rudia," alisema mama mdogo. "Sijapata."

Alikuwa amepata. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja asubuhi ile. Mzee alirudia, na alipomaliza akaombwa arudie tena, naye akarudia bila kulalamika.

Mlango ulifunguka. Mama mdogo alitoka nje akifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasimama mbele ya benchi. Wote walikuwa wamesikia kila neno. Bibi wa Kanoni alikuwa ameuma midomo, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Nimethibitishwa," alisema mama mdogo.

Mzee wa mwisho alikinga kiganja sikioni.

"Eeh?" alisema. "Unasemaje?"

Basi akamwinamia, akamwambia sikioni kwa sauti kubwa. Halafu akahamia kwa aliyefuata, naye alikuwa kiziwi vile vile, na aliyefuata, hadi mwisho wa benchi.